Taya Namba Arobaini na Moja

Jumanne, 8 Aprili 1958

Pasaka imekwisha. Nyama imekwisha. Kazi imeanza tena, na vita pia.

Nieleze vizuri, maana daftari hili huenda siku moja likasomwa na watu wakubwa. Mimi ni Opiyo, mtu wa Alego, mkazi wa Ruiru, mfanyakazi wa Memsahib Yadviga katika banda la mawe. Zamani banda hilo lilikuwa stoo ya kahawa. Sasa lina mabeseni kumi na mawili ya asidi, darubini mbili za kuangalia vitu vidogo, na harufu ya siki inayonifuata mpaka kanisani. Memsahib ni Mpolandi, mjane, mwanamke wa elimu. Mawe yake huletwa kwa kreti kutoka kwao. Tunayatia ndani ya asidi, yanachemka polepole siku nane, siku kumi, mpaka yanaisha. Kinachobaki ni tope, na ndani ya tope, ukibahatika, punje nyeusi zinazong'aa, ndogo kuliko kiroboto. Hayo ni mataya ya minyoo! Minyoo wa baharini, waliokufa miaka milioni mia nne iliyopita. Mwili umeoza, taya limebaki, hata asidi imelishindwa. Mwanzoni nilidhani Memsahib ana homa. Siku hizi hata mimi nawaota.

Tuko wawili kwenye darubini, mimi na Ephantus. Ephantus ni Mkikuyu wa hapa hapa, mpole, mnyamavu, mikono kama ya fundi saa. Simwamini hata kidogo.

Leo Memsahib ametuita. Amesema mwezi huu ukiisha kazi ya bandani itabaki ya mtu mmoja. Jumamosi ya tarehe kumi na tisa atawaonyesha watu mataya yake Thika, katika ukumbi wa shule ya misheni, na Bwana wa makumbusho atatoka Nairobi kuja kuona. Baada ya hapo ataamua. Mmoja atabaki, mwingine atarudi shamba.

Shamba! Kwangu mimi shamba maana yake mkonge. Nilikata mkonge Thika miaka miwili. Mgongo haujasahau, na kuna mwiba mmoja pajani ambao tumezoeana. Nilipomweleza mke wangu Ajwang, alisema nikirudi kwenye mkonge yeye anapanda gari moshi kwenda kwa mama yake, na nisimwandikie barua. Hakucheka aliposema hivyo. Nimeogopa.

Nimekata shauri. Ephantus lazima ashindwe.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimempiga vibaya sana. Mimi mataya kumi na tisa, yeye saba!

Siri ni brashi. Ukiona taya, unaligusa kwa ncha ya brashi nyembamba, linanata, unalihamishia kwenye kigae cha kioo chenye namba, mataya mengi kigae kimoja. Ncha lazima iwe na unyevu na iwe kali kama mwiba. Ephantus huchovya brashi yake kwenye kikombe cha maji, anaipangusa, anaikagua, anachovya tena. Mchana umekwisha! Mimi nilipewa kifaa changu zamani. Nilipokuwa kijana waling'oa meno yangu sita ya chini, kama wanaume wote wa kwetu wakati ule, wala sikulia. (Dada yangu husema nililia. Hakuwepo.) Pengo hilo ni zuri ajabu. Napitisha brashi pengoni, ulimi unaisindikiza kidogo, inatoka na ncha ambayo hakuna fundi Nairobi awezaye kuitengeneza.

Ephantus ameniambia haraka haraka haina baraka. Nimemjibu kwamba methali ni chakula cha walioshindwa. Nimejipenda sana kwa jibu hilo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua kutwa. Bati linapiga kelele, hatusikiani. Vizuri, maana Ephantus alikuwa anaimba nyimbo za kanisa.

Nimegundua donda la Memsahib. Ukutani pana mchoro mkubwa wa chaki wa mdomo wa mnyoo wake, taya moja juu, moja chini, kama mdomo wa mbwa. Kila siku anaufuta na kuuchora upya. Shida ni kwamba mnyoo akioza mataya yanatawanyika, tunayapata moja moja. Yapo makubwa mawili yenye umbo la ndoano, na hayafanani, moja nene, moja jembamba. Profesa mmoja wa ng'ambo ameandika kwamba basi nene ni la chini na jembamba ni la juu, na kwamba mnyoo huyo alitafuna kama sisi. Memsahib anasema haiwezekani, ila hana ushahidi. Angepata seti moja tu ambayo haikutawanyika, mataya yote yameshikana kama yalivyokuwa mnyoo akiwa hai, angemfunga profesa huyo kinywa. Atakayeipata, amesema, hatamsahau.

Nikamtazama Ephantus. Ephantus akanitazama. Tukainama wote wawili kwa pamoja.

Mimi kumi na nne, yeye kumi na moja. Ananikaribia, mnafiki huyu.

Ijumaa, 11 Aprili

USHINDI!

Kisha jambo jingine. Niandike kwa mpangilio.

Memsahib alikwenda Nairobi kwa treni ya asubuhi, harudi mpaka Jumatatu. Saa tisa alasiri, tope la beseni la tano, nikaona. Si punje moja. Punje nyingi zimepangwa, zimeshikana. Mbele ndoano mbili, nyuma yake vibamba vyenye meno kama msumeno. Seti nzima! Miaka yote hiyo imelala ndani ya jiwe ikimsubiri Opiyo wa Alego. Nikapiga ukelele. Ephantus akaja, akachungulia, kisha akanipa mkono. Niseme ukweli, alinipa mkono vizuri. Akasema hiyo ni baraka, sasa nichovye brashi majini, polepole, na akanisogezea kikombe chake.

Kwanza nikaandika kwenye kitabu cha Memsahib, kwa wino: Na. 41. Mataya kamili, yameshikana. Aliyepata: OPIYO. Nikapiga mstari chini ya jina langu. Nikapiga wa pili.

Kisha nikaigusa kwa brashi. Ikanata vizuri. Nikainyanyua. Nikaona ncha ya brashi imepinda kidogo.

Mazoea, jamani. Mazoea ni ugonjwa. Nikaipitisha pengoni.

Brashi ikatoka na ncha kali kweli kweli. Ncha tupu.

Nikakaa nimefumba mdomo. Nikatafuta kwa ulimi, taratibu, kona kwa kona. Chini ya ufizi nikahisi kitu kidogo, kigumu. Ndicho! Nikafurahi mno. Nikameza mate kwa furaha.

Ephantus alikuwa amesimama na kikombe chake mkononi. "Wee Opiyo," akasema, "umekura namba fote-wan."

Yeye na r zake! Nikamwambia kwanza ajifunze kutamka. Akanijibu kwamba mtu anayeita shamba "samba", tena mwenye mnyoo tumboni, hawezi kumfundisha mtu kutamka. Kisha akacheka mpaka akakaa chini juu ya kreti.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeamka na huzuni. Ajwang akaniuliza nina nini. Nikasema tumbo. Huo si uongo.

Mlangoni nilikuta chekeche la bandani na karatasi yenye mwandiko wa Ephantus: Taya lililoshinda asidi siku kumi haliwezi kushindwa na tumbo la mtu. Nikakasirika sana. Mimi, mtu mzima, mtu wa kanisa! Nikalitupa chekeche lake nje.

Saa nne nikalifuata.

Sitaandika habari hiyo kwa urefu. Nilipata mbegu za nyanya.

Lakini Mungu hamtupi mja wake! Adhuhuri, mvua ilipokatika, Ajwang akapiga yowe. Siafu wameingia kibanda cha kuku! Nikakimbia na majivu ya moto. Mmoja akanishika kidole cha mguu. Kila mtu anajua, ukimvuta siafu mwili unakuja, kichwa kinabaki kimeng'ang'ania. Nikakitazama kichwa kile kidoleni. Ndoano mbili. Zinang'aa. Zimeshikana.

Ajwang akaniambia niache kukitabasamia kidole, nije niokoe kuku.

Nimechagua siafu mdogo, si wale askari wenye vichwa vikubwa. Kichwa nimekipaka masizi, kisha wino, mpaka kikawa cheusi tititi. Nimefungua banda kwa ufunguo wa kazi na kukiweka kwenye kigae Na. 41. Nikichungulia, hata mimi naamini. Memsahib ana moyo mzuri na macho mabovu. Mambo yatakwisha vizuri.

Jumatatu, 14 Aprili

Memsahib hana macho mabovu.

Alisoma kitabu kabla hata ya kuvua koti la mvua. Akapiga kelele kwa Kipolandi, akanishika mabega, akakaa kwenye darubini. Nikasimama nyuma yake nikiomba kimoyomoyo. Ephantus alikuwa ameinamia darubini yake, mabega yanamtikisika. Dakika moja. Dakika mbili. Wino ulikuwa umeanza kuvuja, kigae chote kimekuwa cha buluu.

"Opiyo," akasema bila kugeuka. "Hii siafu."

Kazi kwisha. Niliuona mkonge, mstari baada ya mstari. Nilimwona Ajwang kwenye dirisha la gari moshi, hageuki. Nilitaka kulia, kweli. Lakini mdomo wangu haujawahi kunisubiri. Ukasema wenyewe kwamba ndiyo, ni siafu, nimemweka makusudi. Mataya yenyewe yalianguka nilipoyanyanyua, basi nikaweka siafu ili Memsahib aone yalivyokuwa yamelala.

Akauliza yalianguka wapi. Nikasema mahali penye giza. Ephantus akatoka nje ghafla.

Akauliza yalikuwa yamelala vipi. Hapo sikuwa na haja ya kudanganya, maana niliyaona kwa macho yangu. Nikasema kando kwa kando. Ndoano nene kulia, nyembamba kushoto. Hakuna ya juu, hakuna ya chini, na ncha zimepishana, moja imempanda mwenzake, kama za siafu. Nikavua kiatu nikamwonyesha kidole changu. Nikamweleza kwamba siafu hatafuni. Anabana kutoka pande mbili, na akishabana haachi.

Memsahib akatazama ukuta. Akatazama kidole. Akatazama ukuta tena. Akaufuta mchoro wote kwa mkono wa koti lake. Kisha akatoa ndoano zetu zote za wiki iliyopita, nene na nyembamba, akazipanga mbili mbili, kando kwa kando. Ncha zikapishana bila kugombana. Zinaingiana! Hayafanani kwa sababu yanapishana! Akatoa machozi, akatumiminia chai vikombe vitatu, vyote na sukari.

Nani amelitatua jambo hili? Si profesa. Ni Opiyo na kidole chake!

Ila hakusema asante moja kwa moja. Aliangalia pengo langu muda mrefu, kisha akasema tafuta Na. 41. Nikasema natafuta.

Jumatano, 16 Aprili

Memsahib ana donda jipya. Anasema mataya ya mnyoo hayako mdomoni kama yetu. Yako ndani, kooni. Akitaka kula, koo lote linatoka nje, mataya yanakuja mbele, yanabana, kisha koo linarudi ndani na chakula. Minyoo wa baharini wa leo, ndugu wa huyu wetu, wanafanya hivyo. Nikauliza koo linatokaje nje bila mtu kufa. Akaeleza tena. Sikuelewa. Akaona sikuelewa, akashika kichwa. Kama Opiyo haelewi, watu wa Thika wataelewaje, na huko hakuna bahari wala mnyoo?

Jioni nilikuwa kwa Ephantus. Kaka yake, Zacharia, amerudi kutoka kizuizini baada ya miaka minne, na wamechinja mbuzi. Mimi nilikwenda kwa ajili ya nyama. Zacharia amekonda sana. Amekaa mahali penye jua, watu wanapita, wanamgusa bega, hawasemi mengi. Ephantus alikuwa anamkatia nyama vipande vidogo vidogo, kama mtu anayemlisha mtoto. Nikaona haya kidogo kwa vita vyangu. Kisha ikapita.

Baadaye Ephantus akaanza kutengeneza mutura, utumbo unaojazwa nyama na damu. Kwanza anageuza utumbo wa mbuzi ili auoshe. Anausukuma kwa kijiti, unajikunja, unajipitia wenyewe katikati, na kile kilichokuwa ndani kinatokea nje. Kipande cha jani kilichokuwa kimenata ndani kabisa kikaja mpaka mbele, kikatazama dunia.

Nikasimama. Nyama ikaniponyoka. "Ephantus! Mnyoo!"

Akanitazama kwa utulivu. Akasema anajua. Ameliona jambo hilo tangu alipoanza kugeuza, na kesho alitaka kumweleza Memsahib. Nikamwambia tumweleze pamoja. Akafikiri, akasema sawa, ni haki. Tukapeana mikono yenye mafuta.

Nimekubali. Ila nimekubali kwa mkono wa kulia tu.

Ijumaa, 18 Aprili

Jana alfajiri nilimweleza Memsahib peke yangu. Ephantus alikuwa amechelewa kidogo (nilimwambia saa mbili). Huwezi kupeleka utumbo wa mbuzi mbele ya Bwana wa makumbusho, basi nikasema soksi. Koo ni soksi! Shona mataya ndani ya soksi, karibu na vidole, geuza soksi, mataya yako nje mbele, bana, vuta, soksi inarudi, chakula kimeingia. Memsahib akapiga makofi. Ephantus alipofika nilikuwa nimeshakunywa chai. Alichovya brashi yake majini, akaanza kazi. Ningependa angenitukana.

Leo nimeshona. Soksi ni yangu ya kanisani. Kwa mataya nilihitaji kitu chenye meno, na kitana cha Ajwang kilikuwa mezani, hakina kazi. Nimekivunja vipande viwili. Uzi uliniishia, meno yakalala yakaelekea nyuma, kwenye kisigino. Nani atajua?

Ajwang anatafuta kitana chake. Namsaidia kutafuta.

Jumamosi, 19 Aprili

THIKA! Thika imeniona!

Tulikwenda kwa lori la kahawa, sisi wote, Ajwang amevaa gauni la Pasaka na kitambaa kichwani, kwa sababu ya nywele. Ukumbi ulijaa walimu, wazungu wa mashamba mbele, sisi nyuma. Bwana wa makumbusho ni mrefu, ana tai ndefu ya hariri yenye michirizi. Memsahib aliwasha taa yake ya picha, mataya yakatokea ukutani makubwa kama milango. Mwanamke mmoja akaomba atolewe nje. Kisha Memsahib akasema sasa Opiyo ataonyesha namna mnyoo alivyokula.

Nikapanda. Nikasema mabibi na mabwana, wazo hili nimeliwaza mimi. Sikumtazama Ephantus. Nikavaa soksi mkononi. Mpango ulikuwa kukamata biskuti kwenye sahani, nilijizoeza wakati Ajwang alipokuwa shamba. Nikasukuma. Koo likatoka nje, mataya mbele, zuri ajabu! Watu wakasema aaa. Na hapo, kutoka nyuma ya ukumbi, sauti ninayoijua kuliko zote:

"Opiyo! Kitana changu!"

Nikashtuka. Mkono ukaruka. Soksi ikapita biskuti, ikamshika Bwana wa makumbusho kwenye tai.

Nikavuta. Haikuachia. Nikavuta zaidi, kichwa cha Bwana kikaja, nyuso zetu zikakaribiana, nikaona masharubu yake unywele mmoja mmoja. Kadiri nilivyovuta ndivyo tai ilivyoingia ndani ya soksi. Wazungu wa mashamba wakasimama. Nikasema moyoni, mkonge, nakuja.

Kumbe Bwana anacheka! Anacheka huku amekabwa! Akapiga kelele kwamba tazameni, meno yameelekea nyuma, mawindo yakiingia hayatoki! Akamuuliza Memsahib kama mataya halisi yako vile. Memsahib akakimbilia picha ya ukutani. Yako vile! Kila jino la vibamba limelalia nyuma, na kila siku tulikuwa tunayaona bila kujiuliza kwa nini. Mnyoo hakuhitaji kutafuna. Alibana, akavuta, meno yakakataa kuachia, basi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikainamisha kichwa, na Bwana akainamisha chake, maana tulikuwa bado tumefungana.

Nikajaribu kumfungua, nikazidisha. Ikabidi niite. "Ephantus, ndugu yangu, njoo." Akaja na sindano yake. Jino baada ya jino, uzi baada ya uzi, polepole, wala hakuharibu tai hata kidogo. Bwana alikuwa anaitazama mikono ile. Hakutazama kitu kingine.

Kwenye lori Ajwang alikaa mbali nami mpaka Juja. Kisha akaanza kucheka peke yake. Akasema ameolewa na mnyoo.

Jumatatu, 21 Aprili

Uamuzi. Bwana wa makumbusho anamchukua Ephantus Nairobi.

Ndiyo, nimeandika sawasawa. Ephantus! Amesema hajaona mikono kama ile, na atamwombea pasi ya kukaa mjini. Ephantus aliposikia neno pasi alikaa chini. Wakikuyu wenzake wanaitafuta karatasi hiyo kwa miaka na hawaipati. Zacharia amekuja mpaka bandani kumpa mkono, na nimemwona akicheka, mara ya kwanza. Nilifurahi. Sikutaka, lakini nilifurahi sana.

Na darubini ya hapa? YANGU! Peke yangu! Kiti chenye mto, dirisha, mabeseni yote kumi na mawili. Memsahib amesema anahitaji mtu ambaye makosa yake yana faida. Sijawahi kusifiwa hivyo. Ajwang amefungua sanduku alilokuwa amelifunga tangu siku nilipomtajia mkonge. Sikujua kwamba lilifungwa. Nimemnunulia kitana kipya, cha chuma.

Kwa hiyo nimeshinda. Ephantus ameondoka bandani, mimi nimebaki. Vita ni vita.

Memsahib ataandika makala ya kumjibu yule profesa, na chini atatushukuru sisi wote wawili kwa majina. La Ephantus litatangulia, amesema ni kwa alfabeti. Nimemuuliza kama hakuna alfabeti nyingine.

Jioni nilikiri kwa Ephantus. Nilisema wazo la utumbo lilikuwa lake, nililichukua, na kuhusu saa mbili nilimdanganya. Akasema anajua. Akasema pia kwamba Memsahib anajua habari za Na. 41 tangu siku ile ya siafu, kwa sababu Memsahib alimuuliza yeye, naye hawezi kusema uongo, ila alimwomba asinifukuze. Akanipa kikombe chake cha maji, kile cha bati, kiwe changu. Akasema kikombe hicho hakijapoteza taya hata moja.

Nimeapa mbele yake, na naapa hapa tena kwa maandishi. Kuanzia leo ni kikombe. Brashi haitagusa kinywa cha Opiyo mpaka kaburini.

Jumanne, 29 Aprili

Siku ya kwanza peke yangu. Kreti mpya imefunguliwa, Memsahib yuko Nairobi mpaka Alhamisi. Nimeweka kikombe cha Ephantus kulia kwangu, nimekijaza, nimefanya kazi kama yeye. Kuchovya, kupangusa, kukagua. Asubuhi nzima mataya manne! Kazi gani hii? Saa sita jua lilikuwa kali, maji yale nikayanywa.

Saa nane nikaona seti nyingine nzima. Kubwa kuliko ile, nzuri kuliko ile, na pembeni yake vibamba ambavyo hata Memsahib hajawahi kuviona! Sasa mimi ni mtu mwenye uzoefu. Niliandika kitabuni kwanza: Na. 58. Mataya kamili. Aliyepata: OPIYO. Mistari mitatu. Nikainyanyua kwa brashi, bila papara, mkono haukutetemeka hata kidogo.

Ncha ilikuwa imepinda kidogo tu.

Chekeche nimelikuta nyuma ya mlango. Lakini dawa ya jambo hili si chekeche, ni akili. Kosa langu la kwanza, nimelitafakari sana na sasa naliona wazi, lilikuwa kuchagua mdudu asiyefaa. Siafu Memsahib anamfahamu. Kesho alfajiri nitatafuta panzi.